Riwaya ya mapenzi ya Kikristo: nani kasema mwenye mtoto hapendwi?

Ndugu zangu, nimekuwa kimya wiki tatu hivi na baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kama nimehama nchi au nimeoa. Hakuna kati ya hayo. Nilikuwa na hasira tu. Mhariri wangu wa kwanza kazini alinifundisha kwamba habari iliyoandikwa kwa hasira huishia mezani kwa mwanasheria, kwa hiyo nikaamua kunyamaza kwanza. Leo hasira imepungua, ingawa haijaisha. Vuteni viti.

Wengi mnanijua kwa kazi yangu ya gazetini. Asubuhi kwenye mkutano wa waandishi, mchana mahakamani Kisutu, jioni aya nane kuhusu kisima kilichozinduliwa na mheshimiwa fulani, na kesho yake gazeti linafungia maandazi. Sina kinyongo na kazi hiyo, inanilipia kodi ya chumba hapa Sinza. Lakini usiku majirani wakishazima redio mimi naandika riwaya. Na wala siyo ya kijasusi, jamani, ile ambayo shujaa anashuka kwenye ndege na bastola iko soksini. Naandika riwaya ya mapenzi. Ya Kikristo. Mnaweza kucheka sasa, nawasubiri.

Haya, tuendelee. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye fasihi pale Mlimani hakucheka, aliniuliza kama nimefilisika kiakili. Kwake yeye wapenzi kwenye riwaya ni lazima wawe kiwakilishi cha kitu kingine: matabaka, ukoloni mamboleo, mgongano wa mila na usasa. Wawili wakipendana tu bila kuwakilisha chochote, hiyo anaiita hadithi ya kina dada wa saluni. Huyo nitamjibu siku nyingine. (Kina dada wa saluni wananunua vitabu. Yeye huazima na harudishi.)

Leo ugomvi wangu ni na watu wa nyumbani, watu wa imani yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana nilimaliza muswada, kurasa 212, nikaupeleka kwa wachapishaji wa vitabu vya dini. Jina lao silitaji na tafadhali msinisumbue nilitaje. Nikasubiri miezi mitano. Siku moja nikapigiwa simu, nikaambiwa niende. Nikavaa shati la kwenda kwa mkwe.

Aliyenipokea ni mzee wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyeongoza ibada nyingi. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu, keti." Akaniletea chai ya maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Muswada wangu ulikuwa mezani, umejaa vikaratasi vya njano kama mti wenye ugonjwa.

"Unaandika vizuri sana," akaanza. Kila mwandishi anajua kuwa hiyo ni sentensi ya kutangazia msiba.

"Asante baba."

"Tatizo ni huyu binti."

"Nakunda?"

"Huyo huyo. Ana mtoto."

Nikakubali kwamba ana mtoto, anaitwa Danieli, ana miaka sita, na amekuwepo tangu ukurasa wa kwanza. Riwaya yenyewe inahusu hilo. Nakunda ni fundi cherehani pale Same mjini, alizalia nyumbani kwao akiwa binti, akatengwa na usharika, akatolewa kwenye kwaya. Anakuja mwalimu wa hesabu, Elisante, kahamishiwa shule ya sekondari ya jirani, anampelekea suruali apunguziwe kiuno. Basi, kutoka kwenye suruali hiyo mambo yanaanza. Hawalali pamoja. Hata kushikana mikono kunachukua sura sita.

Mzee akavua miwani. "Huyu mwalimu ni mtu safi, ameokoka, ana kazi ya serikali. Usharika umejaa mabinti. Kwa nini aoe mwenye mtoto? Wasomaji hawataamini. Na wale wachache watakaoamini, watajifunza nini? Kwamba binti anaweza kuzaa nyumbani halafu akapata mume mzuri?"

Nikamuuliza ananishauri nini. Ushauri alikuwa nao tayari, na aliutoa kwa upendo kabisa, naapa hakuwa na ubaya wowote. "Fanya hivi mwanangu. Mtoto awe wa marehemu dada yake. Binti anamlea kwa huruma tu. Mwalimu akiona anavyomlea, anampenda kwa wema wake. Hapo kitabu kinapita bila shida."

Nikamshukuru, nikamaliza chai, nikabeba muswada wangu. Nikapanda daladala ya kurudi nyumbani na nikapitiliza kituo.

Sasa niwaambie kwa nini nilipitiliza kituo. Mama amenipa ruhusa ya kuyaandika haya, kwa sharti kwamba nisitaje usharika wala jina la mtu, na akaongeza kwamba nisijifanye nimeteseka sana maana nilikula vizuri.

Mama yangu alinizaa akiwa na miaka 19, milimani Upareni, bila ndoa. Alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana. Baba mzazi alikuwa sauti ya nne kwenye kwaya hiyo hiyo. Mimba ilipoonekana mama alitengwa: hakuna kwaya, hakuna Meza ya Bwana, na kiti chake kikawa benchi la mwisho karibu na mlango. Baba hakutengwa popote, maana tumbo lake halikuonekana. Mwaka uliofuata alifunga ndoa kanisani hapo hapo na binti mwingine, na kwaya ikamwimbia. Mama aliusikia wimbo huo kutoka benchi la mwisho, na sauti ya pili, anasema, ilipwaya.

Mama akaenda Same kujifunza cherehani. Mimi nikabaki kwa bibi. Na hapo ndipo watu wazima walipokaa kikao wakaamua jambo la busara: mtoto amwite bibi yake mama, na mama yake amwite dada. Ili binti asiharibikiwe. Ili siku akija mtu wa kuuliza, pawe na jibu. Mpaka nina miaka minane mimi nilikuwa namwita mama yangu mzazi dada. Alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi na sabuni na daftari, ananiangalia mno, na mimi nilikuwa najiuliza dada huyu ana matatizo gani.

Basi mnaelewa. Mzee yule mpole, kwa nia njema, juu ya chai ya maziwa, alinishauri niandike kwenye riwaya uongo ule ule niliolelewa ndani yake. Mtoto wa dada. Na akasema hapo itakuwa ya Kikristo.

Ndiyo maana nauliza, na nataka wenye duka la vitabu vya dini wanijibu: Ukristo wenu kwenye hadithi ni nini hasa? Kama ni kutokuwa na matusi, magazeti ya serikali nayo hayana matusi. Kama ni kutokuwa na chumba cha kulala, hata kitabu cha hesabu cha darasa la tano hakina. Mimi nilidhani hadithi ya mapenzi inakuwa ya Kikristo pale ambapo mtu anapendwa huku aibu yake inajulikana, na anayempenda hajidanganyi kwamba haipo. Ukiitoa aibu, umetoa na msamaha. Kinachobaki ni tangazo la kuuzia vitambaa vya harusi.

Kama mnadhani natunga, someni nasaba ya Yesu kwenye Mathayo sura ya kwanza, ile orodha ambayo wengi tunairuka kwa sababu ya majina. Mbali na Mariamu mwenyewe wametajwa wanawake wanne. Tamari, aliyejifunika uso na kukaa njiani mpaka baba mkwe akamdhania kahaba. Rahabu, ambaye hakuhitaji kudhaniwa. Ruthu, mjane Mmoabi, mtu wa taifa lililokuwa halitakiwi, aliyekwenda usiku kwenye uwanja wa kupuria nafaka akajilaza miguuni pa Boazi. Na yule wa nne Mathayo hata hamtaji kwa jina, anamwita mke wa Uria, ili tusisahau Daudi alimpataje. Angeweza kumweka Sara. Angeweza kumweka Rebeka, ambaye posa yake imepewa sura nzima ya Mwanzo, aya 67, na mshenga na ngamia kumi na zawadi, harusi safi kabisa ya kamati. Hakuwaweka. Mathayo angepeleka muswada ule kwa wachapishaji wangu angeambiwa Rahabu awe dada wa kahaba.

Mtasema hayo ni ya kale. Twende kwa wenyewe waliouanzisha mtindo huu. Riwaya za mapenzi za Kikristo ni biashara kubwa Marekani na Kanada, na wengi wetu tulizikutia kwenye maboksi ya misaada na kwenye rafu za wamisionari. Grace Livingston Hill aliandika zaidi ya vitabu mia kabla hajafariki 1947. Janette Oke, mama wa Kanada, alitoa Love Comes Softly mwaka 1979, na ndicho kitabu kinachohesabiwa kuwa kilifungua mlango wa soko la leo. Binti wake mkuu ni nani? Ni mjane mwenye mimba, yuko katikati ya nyika, mumewe kafa njiani, anaolewa na mgane mwenye mtoto kwa sababu ya shida tu, na mapenzi yanakuja baadaye, polepole. Harlequin, wale wale wa vitabu vyembamba vya mapenzi tulivyovificha chini ya dawati, walipoona kuna fedha huko wakafungua tawi lao la Kikristo mwaka 1997.

Halafu kuna Francine Rivers. Huyu alikuwa akiandika mapenzi ya kawaida ya dunia, akaokoka miaka ya themanini, na mwaka 1991 akatoa Redeeming Love. Amekichukua kisa cha nabii Hosea na mkewe Gomeri akakipeleka California wakati wa kukimbilia dhahabu, 1850. Binti aliuzwa kwenye ukahaba tangu akiwa mtoto. Mkulima anamwoa, binti anatoroka, anamfuata, anatoroka tena. Kitabu kile kilitolewa kwanza na wachapishaji wa kawaida, toleo la Kikristo lililorekebishwa likaja 1997, kikauza mamilioni ya nakala na mwaka 2022 kikawa filamu. Kina kasoro zake. Mkulima yule amekuwa mwema mno, kuna sura nilitamani akanyage mwiba apige kelele kama sisi. Lakini nilipokisoma, nakala ya kuazima isiyo na jalada, nilikuwa mwaka wa pili chuoni na nilikesha. Nilisema kumbe inawezekana. Kumbe kuna mtu amekaa akaandika kwamba Mungu hana kinyaa.

Na jambo linalonichekesha ni hili. Duka lile lile lenye ofisi niliyonyweshwa chai, pale chini kwenye rafu, lilikuwa linauza kitabu hicho kwa Kiingereza. Kahaba wa California anapita. Fundi cherehani wa Same hapiti. Dhambi ikiwa ya Kizungu inakuwa fasihi, ikiwa na jina la Kipare inakuwa mfano mbaya kwa vijana.

Nikiri na mimi langu, nisije nikaonekana nimezaliwa na akili hizi. Riwaya yangu ya kwanza, ambayo imefungiwa kabatini kama adhabu, ilikuwa na kijana mhandisi mwenye Corolla, ameokoka tangu kidato cha pili. Ilikuwa na binti mwanakwaya, mweupe wa moyo, ambaye kazi yake kuu katika sura 20 ilikuwa kuinamisha macho. Kikwazo alikuwa shangazi mwenye nia mbaya. Mungu aliongea kwenye ndoto sura ya nne na sura ya kumi na moja, na kwenye sura ya mwisho nilipanga mpaka rangi za kamati ya maandalizi. Nilimpa mama asome. Akasoma kurasa 30, akaniuliza kama huyu mhandisi huwa anaumwa hata malaria.

Hiyo ndoto ya sura ya nne nataka niiseme kidogo. Waliopita kwenye vikundi vya maombi vyuoni wanajua mtindo wa "Bwana amenionyesha kwamba wewe ndiye mke wangu." Tulikuwa na dada mmoja pale chuoni, mwimbaji, ambaye katika muhula mmoja alionyeshwa kwa kaka wanne tofauti. Wa nne alipofika na ufunuo wake, dada akamwambia akae kwanza foleni na wenzake waulizane Bwana alimaanisha nani. Tulicheka mwaka mzima. Lakini fikirieni: vijana wanne wenye afya, wenye kupenda, hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema kwa kinywa chake "nimekupenda wewe, naomba nafasi." Wamefundishwa kwamba kutaka ni dhambi, basi wanamsukumia Mungu kutaka kwao. Na riwaya zetu zimeiga hivyo hivyo. Hakuna anayetaka. Watu wanaelekezwa kwa ndoto mpaka madhabahuni kama mizigo yenye anwani. Wakati huo huo ndani ya Biblia hiyo hiyo Yakobo anambusu Raheli kisimani na kuangua kilio, kisha anachunga kondoo miaka saba kwa ajili yake. Na kuna Wimbo Ulio Bora, sura nane za watu wawili wanaotakana bila haya, ambao walimu wa Kiyahudi wa kale walibishania kama unastahili kuwa kitabu kitakatifu, na Rabi Akiva ndiye aliyeutetea kuliko wote. Vijana wetu hawahubiriwi kitabu hicho mpaka wiki ya harusi, tena kwa tafsiri ya fumbo.

Nikiwa na muswada wangu chini ya kwapa nilijaribu na upande wa pili. Jamaa mmoja wa gazeti la udaku, siyo ninakofanya kazi, alisoma sura tatu. Mnajua hadithi za mfululizo zinavyouza magazeti hapa nchini, Eric Shigongo amejenga jina kwa kuzikata vipande vipande na "itaendelea" mwishoni. Jamaa akasema stori ni tamu, mama mwenye mtoto na mwalimu, tatizo haina vionjo. "Ndugu yangu, kila toleo tuvue angalau nguo moja." Nikamwambia wahusika wangu ni watu wa milimani, kuna baridi.

Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba mzee wa chai na jamaa wa vionjo wanataka kitu kimoja. Mmoja anataka Nakunda awe somo, mwingine anataka awe kitafunwa. Hakuna anayetaka kumsikiliza anasemaje wakati anapiga pasi suruali ya mwalimu.

Kuna mtu ameshanitangulia kwenye uwanja huu na lazima nimtaje. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyepitia seminari, alitoa Rosa Mistika. Binti wa nyumba ya Kikristo, baba mlevi na mkali, barua moja ya mvulana inamletea kipigo, na kipigo hicho kinamfuata mpaka kinamuua. Watu walishtuka, kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye kikarudi kikawa cha kufundishia. Kezilahabi alifariki Januari 2020 na bado hakuna aliyeandika kwa Kiswahili kwa ukweli kama ule jinsi nyumba zetu za sala zinavyowaogopa mabinti wao. Nilipokisoma nilimwona mama kwenye kila sura. Ila mama hakufa. Sitaki kumsahihisha Kezilahabi, nani mimi, yeye aliandika alichokiona. Nasema tu kwamba kuna Rosa walioishi, wakanunua cherehani, na hao hawana kitabu.

Sasa tuwe wa haki. Yule mzee ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Mama mmoja anaingia dukani kumnunulia kitabu binti yake wa miaka 13, hana muda wa kukisoma kwanza, analiamini jina la duka. Imani hiyo ni mali na mimi sitaki kuiharibu. Ndiyo maana mlango wa chumba nimeufunga mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Lakini huyo binti wa miaka 13 anajua zaidi ya tunavyodhani. Ana rafiki aliyeacha shule kwa mimba. Ana binamu anayemwita shangazi yake dada. Anajua makanisa mengi mjini hayafungishi ndoa mpaka wachumba walete majibu ya vipimo vya UKIMWI, na amesikia harusi iliyoahirishwa wiki mbili kabla bila sababu kutajwa, na kadi zimeshachapwa, na michango imeshaliwa. Anajua Mkatoliki na Mlutheri waliokwama miezi kwa sababu ya watoto watabatizwa wapi, mpaka wakaishia bomani kwa Mkuu wa Wilaya. Hayo yote ni mapenzi, ni ya Kikristo, na yanaumiza kuliko shangazi mchawi. Tukimpa mhandisi na Corolla ataona tunamdanganya, atakirudisha kitabu na kufungua simu yake, na huko kwenye simu hakuna mlango uliofungwa.

Turudi kwa Nakunda, sura ya saba, ile yenye vikaratasi vingi kuliko zote. Ndiyo sura anayorudi kundini. Kwa ambao hamjaona: aliyetengwa anaitwa mbele ya usharika, anasimama, anatubu hadharani, anapokelewa. Niliona kwa macho yangu nikiwa na miaka minane, nimekaa na bibi. "Dada" akasimama mbele peke yake, amekunja mikono. Wazee wa kanisa mstari wa mbele. Baba mzazi alikuwepo pia, kwenye kwaya, sauti ya nne, na mkewe na watoto wawili. Hakuna aliyemwita asimame. Tukitoka nje "dada" akanishika mkono akanipeleka nyuma ya kanisa penye migomba, akaniambia kuanzia leo usiniite dada.

Benchi la tatu kutoka mbele siku hiyo alikaa mwalimu mmoja, mgeni, ambaye alikuja kanisani kwa mara ya kwanza. Jumatatu yake alipeleka suruali kwa fundi. Alikuja kwa bibi mwaka uliofuata na mshenga na kilo mbili za sukari, na bibi, kwa kujua wajibu wake, akaanza kueleza kwamba huyu mtoto hapa ni... Mwalimu akamkatiza kwa heshima. "Mama, mimi nilikuwepo kanisani siku ile. Nimekuja kwa ajili ya wote wawili."

Hiyo ndiyo sentensi ambayo mzee wangu ameizungushia duara jekundu na kuandika pembeni: wasomaji hawataamini. Mimi nimelelewa na mtu ambaye wasomaji hawataamini. Alinifundisha hesabu, alinisomesha mpaka chuo, alikuwa anakoroma, alikuwa hawezi kuogelea, na mara mbili katika maisha yake alinichapa bila kosa na mara zote mbili aliomba radhi. Amefariki miaka minne iliyopita. Kwenye mazishi kwaya iliimba na mama alirudi sauti ya pili.

Kwa hiyo jibu langu kwa wachapishaji nimeshalipeleka, la ukurasa mmoja, la adabu. Danieli habadiliki. Hawi mtoto wa marehemu dada, hawi wa jirani, hawi yatima aliyeokotwa. Nimepata fundi wa kuchapa Kariakoo ambaye amenipigia hesabu ya nakala 200 za jalada jepesi, na nimeanza kuweka akiba kwenye kibubu. Mkiona nimeanza kuandika sana habari za visima mjue posho inahitajika.

Muswada mama anao tangu wiki iliyopita. Anasoma kurasa tano tano kwa sababu ya macho. Juzi usiku alipiga simu, nikadhani amefika sura ya saba na analia. Hakuwa analia. Alitaka nirekebishe kitu: siku ya kurudi kundini Nakunda nimemvisha gauni jeupe. "Nani alikwambia nyeupe?" akauliza. "Nilivaa kitenge cha kahawia, nilishona mwenyewe, na kola ilikaa upande." Nimesharekebisha.